Zaitun, mji uliohukumu watu kwa sura

Ninyi mliohamishwa na vita, na ninyi machifu na wakuu wa mitaa mnaowapokea, karibuni. Leo twende mbali, hadi China, kwa maana yaliyotokea huko yanatuhusu.

Mji wenyewe ni Quanzhou, katika jimbo la Fujian, pwani ya kusini-mashariki. Waarabu waliuita Zaitun. Mwaka 1087 wafalme wa Song walifungua humo ofisi ya biashara ya bahari. Merikebu zilileta pilipili manga na uvumba, zikarudi na hariri na vyombo vya udongo. Wabudha walikuwa na hekalu lao tangu mwaka 686, Waislamu na msikiti wao tangu 1009. Hata Wahindu na Wakristo walikaa humo. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliingia Zaitun katika miaka ya 1340 akaona merikebu kubwa karibu mia bandarini.

Watu wa namna nyingi hivyo waliwezaje kukaa pamoja? Sheria ilisaidia. Tangu zamani za ufalme wa Tang, na Song wakaifuata, iliamriwa hivi: wageni wa asili moja wakishtakiana, wahukumiwe kwa desturi yao, wageni wa asili mbalimbali wakishtakiana, wahukumiwe kwa sheria ya China. Kila mtu alijua mlango wa kupeleka shauri lake.

Kisha Wamongoli waliishinda China yote, mwaka 1279. Wakawapanga watu kwa ngazi nne: Wamongoli juu, chini yao wageni wa magharibi, kama Waajemi na Waarabu, kisha Wachina wa kaskazini, na mwisho watu wa kusini, ndio wenyeji wa Zaitun. Asili ya mtu ikawa cheo chake. Wageni wengi wakapewa ukubwa, na mwenyeji akaweka uchungu moyoni.

Mwaka 1357 askari wa mji, wengi wao Waajemi, waliasi na kuushika mji. Vita vikadumu karibu miaka kumi, na waasi wakapigana hata wao kwa wao. Mwaka 1366 jeshi la Chen Youding likawashinda. Kitabu cha ukoo mmoja wa huko kinasimulia kwamba malango yalifungwa siku tatu, watu wakauawa kwa kutazamwa sura: mwenye pua ndefu, mwenye nywele za kujiviringa. Na wengine waliuawa kwa kudhaniwa tu.

Ndugu zangu, walioasi ni askari. Waliolipa ni muuza pilipili, mjane na mtoto. Mimi nilisoma sheria, na somo la kwanza lilikuwa hili: kosa ni la mtu aliyelitenda, si la kabila lake.

Waliopona walikimbia. Ukoo wa Ding ulihamia Chendai, karibu na bahari, na kwa vizazi vingi watu wa namna yao walificha asili yao. Mwaka 1371 mfalme wa Ming akakataza raia kufanya biashara ya bahari, na bandari ikazidi kufifia. Lakini Wading wangali Chendai mpaka leo, na kuta za msikiti zingali zimesimama. Mwaka 2021 UNESCO iliuandika mji huo katika urithi wa dunia, kwa ajili ya zile siku za biashara ya bahari.

Basi ninyi machifu, mtu akiletwa mbele yenu kwa wizi au kwa damu, ulizeni: ametenda nini, nani aliona? Msiulize kwanza baba yake ni wa wapi. Mkigawa chakula au shamba, msifanye ngazi. Nanyi mliohamishwa, siku ya kurudi mtakutana na jirani mwenye sura ya yule aliyewafukuza. Mtazameni vizuri. Pengine naye alifukuzwa.

Zungumzeni jambo hili jioni ya leo, wazee pamoja na vijana. Amani iwe kwenu.