Kizingiti cha usikivu

Mtambo wa FM ukipunguzwa nguvu kutoka kilowati 10 hadi 5, msikilizaji aliye karibu na mnara hatambui lolote. Sauti haiwi ndogo. Katika FM sauti hubebwa na wepesi wa mitetemo ya wimbi, unaoongezeka na kupungua kidogo kidogo. Ukubwa wa wimbi haubebi neno, na redio huukata makusudi ili mikwaruzo ya radi isiingie humo.

Kazi ya nguvu ni kuishinda kelele, na kila redio ina kelele yake ya ndani. Wimbi likiizidi kwa mbali, usikivu ni safi. Likiizidi kwa takriban desibeli 10 tu, mambo hugeuka ghafla: sauti inakwaruza, inapasuka, kisha inamezwa. Kupunguza nguvu kwa nusu ni kupoteza desibeli 3. Kwa mtu wa mjini si kitu. Kwa aliye pembezoni, ambaye tayari alikuwa anashika stesheni kwa shida, ndizo zinazomtoa nje.

Mahali hapo pa kugeuka napaita kizingiti. Wapo wanaoandika “kiwango cha chini”, nami sikubaliani nao, kwa sababu kiwango hushuka polepole kama maji ya pipa. Kizingiti ni cha mlango: mguu umevuka au haujavuka. Kweli, magazetini neno hili limekuwa jina jingine la kikwazo, lakini maana ya mlangoni ndiyo ya asili, na ndiyo inayotufaa.

Hata hivyo, kizingiti hakielezi yote. Matangazo ya stereo huchafuka mapema, wimbi likiwa bado juu ya kizingiti. Tofauti ya sauti ya kushoto na ya kulia husafirishwa juu zaidi, kwenye kilohezi 38, na katika FM kelele huongezeka kadiri unavyopanda. Ndiyo maana unasikia mvumo nyuma ya muziki ilhali maneno ya mtangazaji yanaeleweka vizuri.

Basi siku stesheni yako ikianza kuvuma hivyo, usiongeze sauti, maana utaongeza na kelele. Inua antena, au badili redio kutoka stereo kwenda mono.