Deheni na Makuti katika Pwani ya Utende

Kabla ya Wadachi kuhamishia makao ya serikali Kilindoni, mnamo 1913, Chole ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa Mafia. Na pwani ya Utende, iliyokielekea kisiwa cha Chole katika ghuba moja, ilifaa mno kwa kusafishia vyombo, maana maji yake hupwa mbali sana.

Desturi ya manahodha ilikuwa kungojea bamvua, chombo kikapwelezwa mchangani maji yajaapo, hata yakisha kupwa kikasalia kimeegemea magogo, tumbo lake wazi. Hapo mabaharia, wasio na muhula ila saa chache, wakakwangua magamba na majani ya bahari, kisha wakawasha makuti makavu na kuyapitisha polepole kandokando ya mkuku, ili moto uwaue wadudu watoboao mbao bila kuunguza pamba ya kalafati. Na kazi hiyo, kwa rai yangu, ndiyo iliyompambanua fundi na mwanafunzi. Mwisho ikaja deheni, chokaa ya matumbawe iliyokandwa kwa shahamu, ikapakwa kwa viganja. Na mbao za juu ya maji zikanyweshwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo harufu yake hukaa nguoni siku nyingi.

Tangu 1995 bahari hiyo ni Hifadhi ya Mafia, na ni haki matumbawe yalindwe. Lakini elimu ya mafundi haina mlinzi. Enyi vijana wa Utende, waulizeni wazee wenu wangali hai, mkayaandike wayasemayo.