Siri ya Ukuu wa Uingereza

Mnamo 1863 hivi, Thomas Jones Barker alichora picha ambayo jina lake kwa Kiswahili ni "Siri ya Ukuu wa Uingereza". Malkia Victoria amesimama katika kasri la Windsor, akimkabidhi Biblia Mwafrika aliyepiga magoti mbele yake. Karibu naye yuko mumewe Albert, na pembeni wamo Palmerston, aliyekuwa Waziri Mkuu, na Russell, waziri wa mambo ya nje. Albert alikuwa amekwisha fariki tangu Desemba 1861, lakini brashi ya Barker haikujali mauti.

Barker, mwana wa mchoraji wa mji wa Bath, alisomea Paris kwa Horace Vernet, bingwa wa kuchora vita. Akajipatia sifa kwa picha za Nelson na Wellington, mashujaa waliopakwa nuru hadi vumbi la vita likang'aa kama dhahabu.

Tukio la Windsor halikutokea. Ni ngano iliyovuma miaka ya 1850: mjumbe wa mwana-mfalme wa Kiafrika aliuliza Uingereza ilipataje nguvu, na Malkia, badala ya kumhesabia merikebu na majeshi, akampa Kitabu. Aliyepiga magoti hana jina. Hata hivyo, wapo wataalamu wanaomhusisha na mtu wa kwetu: Ali bin Nasser, liwali wa Mombasa, aliyetumwa London na Seyyid Said mwaka 1838, mwaka wa kutawazwa kwa Victoria, na tena 1842.

Ikiwa ndiye, basi amedhulumiwa. Ali bin Nasser alikuwa Mwislamu, mtu wa cheo, na hakuvuka bahari kwenda kuuliza siri ya mtu. Katika safari ya 1842 shauri lilikuwa zito: Hamerton, balozi wa Uingereza aliyefika Unguja 1841, alikuwa akimbana Seyyid Said juu ya biashara ya watumwa. Matokeo yake yakaonekana katika mkataba wa 1845. Mjadala wa namna hiyo hauchoreki kwa urahisi, magoti huchoreka.

Ilikuwako njia nyingine. Mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman alifika New York na merikebu ya Sultana, akiwa mjumbe wa Seyyid huyo huyo. Edward Mooney alimchora, na picha hiyo imehifadhiwa Salem, Massachusetts. Amevaa kilemba na joho, ana ndevu zake na uso wake, na jina lake linajulikana.

Msomaji wa tenzi atamtetea Barker kwamba hata Mwengo bin Athumani, alipotunga Chuo cha Tambuka huko Pate mwaka 1728, alisimulia vita visivyopiganwa vile. Ni kweli, na mtunzi ana ruhusa yake. Lakini Mwengo hakuipamba dola iliyokuwa ikinyoosha mkono kwa watu wa bara nyingine. Picha ya Barker ilichongwa na kuchapishwa kwa wingi, ikatundikwa majumbani, na dai lake likaaminiwa: nguvu ya Ulaya imo Kitabuni, bunduki ni jambo la kando.

Dai hilo halikuwa la Waingereza peke yao. Msafiri anayeshuka treni ya TAZARA Makambako, akashika barabara ya kusini kiasi cha kilomita 60, hufika Njombe, nchi ya Wabena. Karibu na hapo, Yakobi, wamisionari wa Berlin walijenga kituo wakati wa utawala wa Wajerumani. Walikuja na Kitabu kile kile, na wapo Wabena waliokipokea kwa hiari na kukifanya chao.

Septemba 1905, vita vya Maji Maji vilipofika nyanda hizo, Wabena wa Mbeyela na Wangoni walikishambulia kituo. Machoni pao msalaba na serikali vilikuwa nyumba moja yenye milango miwili. Ndani alikuwamo mmisionari Paul Gröschel na mkewe, pamoja na waumini wa Kibena, ambao nje ya ukuta walikuwa na ndugu zao. Siku ile hakuna aliyepiga magoti kupokea chochote. Gröschel na watu wake walijihami kwa bunduki, na kituo hakikuanguka.