Mwezi Mpevu: Historia ya Neno Tunalolipita Juu Juu

Katika semina zetu za ushairi kuna tabia moja iliyokwisha kuota mizizi. Mwanafunzi akikutana na mwezi mpevu ndani ya shairi, papo hapo anaandika pembeni "uzuri wa mwanamke", kisha anasonga mbele. Mhadhiri anaweka alama ya vema, basi, mambo yamekwisha. Mimi nasema hayajakwisha.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Mwingereza huuona mwezi huo kama chombo kilichojaa. Kiswahili hakisemi hivyo. Kupevuka ni jambo la tunda na la mtu: embe limepevuka, kijana amepevuka. Mwezi ukiandama huitwa mchanga, kama mtoto. Baada ya siku 14 hivi huwa mpevu. Kisha hupungua mpaka ukatoweka, na mzunguko wote huchukua siku 29 na nusu. Jina letu basi halielezi umbo, linaeleza umri. Na mtu asije akasema "mwezi mzima" ni kitu kile kile! Sema "nimekaa Tanga mwezi mzima" uone kama kuna atakayetazama juu.

Badri ni habari nyingine. Neno hili ni la Kiarabu, na lina mwenzake hilali, yaani mwezi mwandamo. Yote mawili yamo katika utaratibu wa kalenda ya Kiislamu, ambayo tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi wake huitwa siku nyeupe, na wapo wanaozifunga. Kwa maoni yangu, mshairi anayemwita mpenzi wake badri anausifu ukamilifu. Anayemwita mwezi mpevu anasifu na kuonya kwa pamoja, maana kilichokwisha kupevuka hakina tena pa kwenda ila kupungua. Hizo ni sifa mbili tofauti, nasi tunazipa alama moja!

Tumefikaje hapa? Nadhani kamusi zina sehemu yake. Ile ya Krapf, iliyotoka London mwaka 1882, na ile ya Johnson ya mwaka 1939, ziliandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza: neno huku, neno kule. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilikuja mwaka 1981, lakini vichwani mwetu bado tunatafsiri kwanza, ndipo tuhakiki.

Hata mbalamwezi tunaichanganya na mwezi wenyewe, ilhali kwanza ni mwanga wake. Muulize mvuvi wa dagaa, wa ziwani au wa pwani. Kazi yake ni taa gizani. Mbalamwezi ikitanda, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hupumzika ufukweni. Lakini siku hizo hizo ni za bamvua. Maji hutoka mbali kabisa, na akina mama hutembea miambani kutafuta pweza. Usiku mmoja, nyumba moja inakosa, ya pili inapata. Mhakiki anayeandika "uzuri" peke yake amewaacha wote wawili nje ya shairi.

Bibi yangu hakupata kuketi darasani. Usiku kama huo alikuwa akitoka uani, anatazama juu kidogo, kisha anatuambia: "Haya, laleni wajukuu zangu. Kesho saa nne maji yatakuwa yametoka."