Dashibodi ya katikati: historia ya magari makongwe ya Kindu

Gari lililoagizwa Kindu, mji wa Maniema nchini Kongo, enzi za Wabelgiji lilisafiri siku nyingi kabla halijawashwa. Likipitia njia ya mashariki, liliteremshwa Dar es Salaam, ambako mkataba wa Machi 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliwapa Wabelgiji sehemu yao ya bandari iliyojulikana kama Belbase, na nyingine Kigoma. Hapo lilipakiwa kwenye reli ya kati, likavushwa Ziwa Tanganyika hadi Albertville, Kalemie ya leo, kisha likashika reli ya CFL hadi Kabalo. Kabla ya daraja la Kongolo kukamilika mwaka 1939, mzigo ulihamishiwa melini kuteremka Lualaba hadi Kongolo, halafu ukarudi tena relini hadi Kindu. CFL, kampuni ya Édouard Empain iliyoundwa mwaka 1902, ndiyo iliyojenga reli ya Kindu na Kongolo, iliyokamilika mwaka 1911, na ile ya Kabalo na ziwani, iliyokamilika mwaka 1915. Ndiyo sababu ramani za zamani zinauita mji huu Kindu-Port-Empain.

Katika safari hiyo moja gari lilivuka mpaka wa aina nyingine pia. Tanganyika ya Waingereza iliendesha kushoto, usukani ukiwa kulia. Kongo ya Wabelgiji iliendesha kulia, usukani ukiwa kushoto. Kiwanda kilichotaka kuuza pande zote mbili kilipaswa kuamua geji zikae wapi, na uamuzi huo unaonekana mpaka leo kwa yeyote anayefungua mlango wa gari kongwe.

Land Rover ndiyo iliyolijibu swali hilo vizuri kuliko zote. Gari la majaribio la mwaka 1947, lililojengwa juu ya chasisi ya Jeep ya kijeshi, lilikuwa na usukani katikati kabisa, kama trekta. Wazo hilo liliachwa. Gari lilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, usukani ulikuwa umehamia pembeni, lakini geji zilibaki katikati: bamba moja la chuma, spidomita upande mmoja, geji za mafuta na chaji upande wa pili, swichi zikiwa zimepangwa kandokando. Kiwanda kilihamisha usukani tu kulingana na mteja, bamba likabaki palepale. Utaratibu huo ulidumu katika Series I, Series II ya mwaka 1958 na IIA ya mwaka 1961. Ni mwaka 1971 tu, Series III ilipotoka, ndipo geji zilipowekwa mbele ya dereva, ndani ya dashibodi ya plastiki.

Wabelgiji wenyewe waliliunda gari hilo. Miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni ya Minerva ya Antwerp ilipata leseni ya kuunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Ukikutana na Land Rover ya zamani ambayo madigadi yake ya mbele yamekatwa kimshazari na bodi yake inashika sumaku, unatazama Minerva, maana Land Rover ya Uingereza ilivalishwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita.

Magari mengine ya kizazi hicho yalichukua njia nyingine. Volkswagen ya kobe ilikuwa na dashibodi ya bati lililopakwa rangi ileile ya bodi. Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, ilikuja na gia za kwenye usukani, na zile za mwanzo zilikuwa na spidomita ndefu ya mlalo. Sifa ya 404 Afrika Mashariki ilijengwa na Safari Rally: ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa mara mbili za katikati ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Gari lililovumilia matope ya Safari halikuhitaji kutangazwa Maniema.

Ndani ya gari, hata hivyo, adui ni jua na unyevu. Vishikio vya swichi vya bakelaiti, plastiki aliyoibuni Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, mwaka 1907, havikuyeyuka; vilivunjika tu vikigongwa. Shida ilikuja na ngozi bandia ya PVC, iliyoenea baada ya watengenezaji kuanza kuvalisha dashibodi sponji ili kichwa cha abiria kisipasuke gari linapogonga. PVC yenyewe ni ngumu. Hulainishwa kwa mafuta maalum yanayochanganywa kiwandani, na mafuta hayo hutoka polepole kwa joto. Ule utandu unaonata kwenye kioo cha mbele cha gari linaloshinda juani, ukiufuta leo na kesho ukarudi, kwa sehemu kubwa ni dashibodi inayokauka. Ikikauka inajikunja, halafu inapasuka, kwa kawaida kuanzia kwenye tundu la skrubu.

Historia ya mji nayo imeacha alama ndani ya magari. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka Kindu na kuchukua kila gari lililotembea, na tarehe 5 Novemba mwaka huohuo msafara wa jeshi na mamluki uliotoka Kongolo ukaingia mjini. Tena mwaka 1998 vita vilifika, na kwa miaka kadhaa treni haikuja. Kipuri ambacho hakikuja kwa reli hakikuja kabisa, labda kwa ndege, kwa bei ya ndege. Kwa hiyo dashibodi ya gari la umri huo ina mabati yaliyofungwa kwa ribiti, matundu ya redio zilizokwisha toweka, na swichi za pikipiki zikiwasha taa za gari.

Anayetaka kuirudisha katika hali nzuri aanze kwa kutoa waya wa betri. Nyuma ya bamba la Land Rover kuna waya zilizovikwa kitambaa, na kitambaa hicho kikishazeeka hudondoka kikiguswa, shaba ikabaki uchi. Piga picha, funga kila waya karatasi yenye namba, kisha fungua skrubu za bamba na ulivute taratibu. Waya wa spidomita ni mfupi na hukatika shingoni.

Bamba likishatoka, angalia chuma kilicho nyuma yake. Bodi ni aluminiamu, lakini ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma, na chini ya kioo kwenye Series II kuna milango miwili midogo ya hewa yenye mipira. Mipira ikioza, mvua ya Maniema huingilia hapo na kutu huanzia kwenye kona. Kuweka trimu mpya juu ya kutu hiyo ni kuupoteza mwaka mmoja na fedha zote. Kwangua, paka dawa ya kutu, badilisha mipira, acha pakauke kabisa, ndipo uguse urembo.

Ikiwa dashibodi imevalishwa ngozi bandia, ile ya zamani, hata ikiwa vipande, usiitupe: ilaze juu ya karatasi ngumu uchore umbo lake na matundu yake. Hakuna kipimo kilicho sahihi zaidi kwa gari hilo.

Na hapa nina ombi kwa mafundi. Maniema ni nchi ya mbao, na mbao ya libuyu ikipigwa msasa na vanishi inapendeza, kwa hiyo wengi huvutiwa kulifunika bamba la chuma kwa mbao. Kwenye gari lililozaliwa na mbao, kama Mercedes-Benz W123 zilizopambwa kwa zebrano ya misitu ya Afrika ya Kati, fundi seremala wa Kindu ana haki na uwezo wa kufanya kazi hiyo, mradi mbao ikaushwe vizuri na kupakwa vanishi pande zote mbili, la sivyo itajipinda msimu wa mvua. Lakini Series II haikuwa na mbao hata kipande. Bamba lake tupu la katikati ndilo linaloeleza kwamba gari hilo liliundwa liweze kuuzwa Dar es Salaam na Kindu kwa pamoja. Lipigwe rangi yake, geji zirudishwe mahali pake, na tundu la redio ambalo mtu alilitoboa zamani lizibwe kwa kipande cha bati kinachoweza kufunguliwa.