Kabla ya Msomaji Kuna Darasa la Kwanza

Vijana wenzangu tunaotaka kuandika tuna ugonjwa mmoja. Tukikutana, mazungumzo ni mchapishaji gani anapokea miswada, nani kalipwa mrahaba na nani kadhulumiwa. Mara chache sana tunauliza huyo msomaji tunayemngoja anatengenezewa wapi. Jibu si gumu. Anatengenezewa darasa la kwanza, akiwa na miaka sita au saba, meno ya mbele yameng'oka, kidole kikifuata silabi moja moja. Akikwama pale, hata uandike riwaya tamu kama asali, kwake ni karatasi ya kufungia karanga.

Basi hebu tuiangalie historia ya darasa hilo katika wilaya mbili za Mkoa wa Pwani, Kibaha na Kisarawe. Ziko mlangoni kabisa pa Dar es Salaam: Kibaha kiasi cha kilomita 40 kwa barabara ya Morogoro, na Kisarawe unaifikia ukishavuka vilima vya Pugu. Majaribio kadhaa makubwa ya elimu nchini yamepita huko. Swali langu ni dogo, ila wanaoandika historia ya elimu huliruka: mtoto mdogo, akishakaa darasani, alipewa afanye nini?

Darasa la zamani kuliko yote katika Pwani yetu ni chuo cha Kurani. Mtoto alikaa chini kwenye jamvi, ubao mapajani, akaandika herufi, akazisoma kwa sauti pamoja na wenzake, kisha akauosha ubao na kuanza upya. Mwaka 1892 wamisionari wa Kijerumani wakafungua kituo Kisarawe, na miaka michache baadaye kingine Maneromango. Dini mbali, herufi mbali, lakini njia ya kufundishia ikawa ileile: mwalimu anasema, watoto wanaitikia. Tusiidharau njia hiyo. Kuitikia kwa pamoja kunampa moyo mtoto mwoga, na kilichoimbwa hakisahauliki upesi. Taabu yake ni moja: katika kwaya ya watoto arobaini, hata asiyejua hufungua mdomo.

Ukigusia elimu ya wilaya hizi, watu watakutajia shule mbili za sekondari. Kisarawe watataja Minaki, iliyoanzishwa na misheni ya UMCA mwaka 1925 kwa jina la Chuo cha Mtakatifu Andrea. Kibaha watataja mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, wenye sekondari, kituo cha afya Tumbi na mafunzo ya wakulima, uliokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na kuitwa Shirika la Elimu Kibaha. Fahari hiyo ni ya haki. Lakini sekondari hizo zilipokea vijana kutoka nchi nzima, tena wale waliokwisha kuchujwa. Mtoto wa Magindu au wa Mzenga hakufika huko bila kupita kwanza kwenye a, e, i, o, u. Na huko chini, kwenye a, e, i, o, u, ndiko mambo yalikokwenda kwa kudra ya Mungu.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaukumbuka kwa jembe na shamba la shule. Lakini mle ndani mlikuwa na hoja nyingine nzito: elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya wachache kupandia sekondari, na mwanafunzi afundishwe kufikiri na kuuliza. Hoja ya jembe ilikuwa rahisi kuitekeleza, kwa kuwa majembe yalikuwapo. Hoja ya kuuliza ilimtaka mwalimu mwenye nafasi na watoto wachache wa kuwasikiliza.

Kisha Novemba 1974, mjini Musoma, TANU ikaazimia kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Hiyo ndiyo UPE. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Ilipofika 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Walimu je? Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wao wenyewe wakisoma kwa posta na kwa redio. Zaidi ya 35,000 walifuzu kwa njia hiyo.

Mpaka leo watu huwacheka walimu wa UPE. Mimi siwacheki. Mpe kijana wa miaka kumi na minane watoto themanini, chaki mbili na chumba kisicho na madawati, halafu mwambie awafundishe kusoma. Atafanya nini? Atarudi kwenye kwaya: ba, be, bi, bo, bu, na darasa zima litapaza sauti mpaka wapita njia wasifu kwamba hapa watu wanasoma.

Lakini mwalimu mwenye akili alitoka nje ya chumba. Chini ya mkorosho kulikuwa na mchanga, na mchanga ni daftari lisilokwisha: mtoto anaandika kwa kidole, anakosea, anafuta kwa kiganja, hakuna karatasi iliyoharibika. Kulikuwa na vijiti, vizibo vya soda na kokwa, vya kuhesabia. Kulikuwa na mdako. Mtoto anayecheza mdako anarusha kete moja juu, anachota mbili, tatu, nne kabla haijatua. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha na kutoa, ila mkono ndio unaofikiri. Kulikuwa na vitendawili pia, ambapo huwezi kujificha nyuma ya sauti ya wenzako: umetegwa wewe, utegue wewe, au utoe mji. Hakuna aliyetoka ng'ambo kutufundisha haya. Watoto wenyewe walikuja nayo shuleni kutoka uani kwa bibi zao. Kilichohitajika ni mtu mzima asiyeona kwamba mchezo ni kupoteza kipindi.

Miaka ya 1980 uchumi ukayumba. Michango ya wazazi ikarudi, vitabu vikaadimika, na baadhi ya watoto wakabaki nyumbani. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake unatuhusu sisi tunaoandika. Hadithi ya Kiswahili ilipokubaliwa, mchapishaji alitoa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzigawa mashuleni. Waandishi wakapata mahali pa kuandikia na watoto wakaletewa hadithi. Likabaki jambo ambalo kila aliyesoma shule ya kijijini analijua: kitabu kizuri hufungiwa kabatini kisichafuke! Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi ukaongeza mpango wa usomaji, kuwafundisha walimu namna ya kuifanya hadithi iwe kazi ya mtoto: aisikie, aiigize, aichore, aisimulie upya kwa maneno yake.

Sasa twende Kisarawe mwaka 1999. Wakati huo watoto wa umri wa shule waliokuwa darasani Tanzania hawakufika sita katika kila kumi. Serikali na UNICEF wakaanza majaribio ya Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Watoto Walioikosa, yaani MEMKWA, katika wilaya tano: Masasi, Musoma Vijijini, Ngara, Songea Vijijini na Kisarawe. Kundi la kwanza lilikuwa la watoto wa miaka 8 hadi 13, la pili la miaka 14 hadi 18. Masomo yalibanwa yaishe kwa miaka mitatu, kwa saa chache kwa siku, ili mtoto apate pia nafasi ya kazi za nyumbani. Darasa lilikuwa na wawezeshaji wawili, mmoja mwalimu wa fani, mwingine mtu wa hapohapo kijijini. Mtoto alishirikishwa kwa nyimbo, michezo, makundi madogo na vitu vya kushika. Waliofanya vizuri wakaingizwa katika shule ya kawaida.

Msomaji, tafakari kidogo. Watoto walioachwa nyuma ndio waliofundishwa kwa njia ambayo kila mtoto wa darasa la kwanza alistahili tangu mwanzo. Walipewa nafasi ya kusikilizwa mmoja mmoja, tena katika mkoa uleule ambao miongo mitatu kabla yake ulisifiwa kwa majengo ya Nordiki.

Mwaka 2001 ada ikafutwa, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. MEMKWA ikapelekwa nchi nzima. Watoto wakafurika: kutoka karibu milioni 4.8 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Furaha ilikuwa kubwa, na ilistahili. Lakini darasa la kwanza likajaa kama daladala ya jioni, na kwaya ikarudi. Bili yake tuliiona mwaka 2012, ilipobainika kuwa zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Miaka saba waliitikia, na hakuna aliyesikia kwamba midomo yao ilikuwa mitupu.

Mwaka 2015 serikali ikabadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili, ikarudi kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu vikapewa asilimia 80 ya muda. Ulikuwa uamuzi wa busara. Hata hivyo muda ni chombo tu, kama chaki. Saa nne za kuitikia hazimfikishi mtoto mbali kuliko saa moja ya kushika, kutegua na kusimulia.

Somo ninaloliona katika historia hii ni kwamba tumekuwa hodari wa kuhesabu vichwa vilivyoingia mlangoni. Mwaka 1977 tulihesabu, mwaka 2002 tukahesabu tena. Kazi iliyobaki ni ya kusikiliza kila kichwa kimoja, na hiyo haikamiliki kwa waraka.

Na sisi wa kalamu? Tunapenda kuandika kwa ajili ya watu wazima, tunaona hadithi ya kurasa kumi na sita za maandishi makubwa ni kazi ya kitoto. Jaribu basi. Andika kisa kinachoeleweka kwa maneno mia mbili, chenye sentensi ambazo mtoto wa Maneromango au Mlandizi atazisoma peke yake mpaka mwisho, halafu acheke. Utatoka jasho. Lakini mtoto huyo ndiye atakayeshika riwaya yako miaka kumi na tano ijayo, kama leo atasikilizwa anaposoma.