Mafunjo na Maji ya Ubwari

Historia ya Ubwari huandikwa kwa majina ya wasafiri: Burton na Speke waliopita mwaka 1858 wakaidhani kisiwa, kisha Stanley aliyelizunguka Ziwa Tanganyika mwaka 1876 na kuonyesha kuwa ni rasi. Mafunjo hutajwa pembeni, kama majani ya kusukia majamvi, kusokotea kamba na kuezekea vibanda. Tumeyapunja. Mmea huu ulishiriki kuamua ufuko wa Ubwari uwe wapi, na ushahidi uko kusini mwa Fizi, eneo lenye rasi hiyo, kwenye mlango wa mto Lukuga, ulipo mji wa Kalemie leo.

Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka mto Lualaba. Msafiri Cameron alipoufikia mwaka 1874 alikuta njia imezibwa na mimea inayoelea. Miaka miwili baadaye Stanley akakuta mafunjo na tope vimeujaza, huku ziwa likipanda. Si ajabu: shina la mafunjo hufikia mita 4 au 5, na mizizi yake hufumana ikawa tabaka nene linalonasa tope lipitalo. Mnamo 1878 kizuizi hicho kilivunjika. Wasafiri Hore na Thomson, waliofika mwaka 1879, walikuta maji yakienda magharibi kwa kasi, na hadi katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Maji ya ziwa ni mamoja: yaliposhuka Kalemie, yalishuka mji wa Baraka, huko Fizi, na pande zote mbili za rasi.

Atakayepinga atasema kuwa mvua na tope ndivyo vilivyofanya kazi. Mvua ilichangia kweli, kwani ndiyo iliyolijaza ziwa hadi kizuizi kikashindwa. Lakini tope lisiloshikwa na mizizi huchukuliwa na mkondo. Mafunjo ndiyo yaliyolipa tope uwezo wa kudumu. Mwingine atasema basi mmea huu ni adui, ung'olewe wote. Hapana. Nguvu ileile iliyoziba Lukuga, ikiwa kwenye midomo ya mito na kandokando ya ziwa, hukamata udongo unaotoka milimani, huvunja mawimbi na kuwapa samaki wachanga maficho. Kinachohitajika ni kujua mahali pa kuyaondoa mafunjo na mahali pa kuyalinda. Basi anayevuna mafunjo Ubwari akate mashina na kuacha mizizi, nayo yatachipua tena; na anayetafuta shamba asilianzishe kwa kung'oa kinachoushika ufuko wake.